Pasipoti ya Moyo

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Gongoni, Mzee Raymundi Ngollo alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kufuta vumbi kwenye kamera zake. Ya pili ni kunywa kahawa.

Kamera zilikuwa zimestaafu. Siku hizi kila mtu ana simu, na kila mwenye simu ni mpiga picha. Lakini studio yake ilikuwa bado imesimama, pale Tabora mjini, na mlango wake wa bluu. Ndani kulikuwa na pazia kubwa lililochorwa treni ikiingia stesheni. Mchoraji alikuwa amelewa siku hiyo. Treni ikatoka na magurudumu upande mmoja tu. Watu walipiga picha mbele ya treni hiyo miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kahawa ilikuwa barazani, mlango wa pili. Deus muuza kahawa alikuja na dele lake, makaa yakiwaka chini, na vikombe vidogo vikilia mkononi. Wazee waliketi, wakanywa kahawa chungu kwa kashata, wakakumbushana. Nani alicheza mpira vizuri. Nani alikimbiwa na mke akarudiwa. Mzee Raymundi alishinda mabishano yote, kwa sababu yeye alikuwa na picha.

"Bisheni," alisema. "Nikaifuate ukutani?"

Kuta za nyumba yake zilijaa watu. Watoto wa komunyo ya kwanza na mishumaa yao. Wanafunzi waliomaliza darasa la saba, wamekaza shingo. Mabibi arusi waliolia, na mabwana arusi waliopaswa kulia. Watu wa Tabora nzima walikuwa pale. Mtu mmoja tu hakuwepo, naye ni Raymundi mwenyewe.

Hilo lilimkera mkewe, Bibi Kabula, mwaka wa arobaini na tatu sasa.

"Hata arusi yetu alipiga yeye," Kabula aliwaambia wageni, akionyesha picha ya bibi arusi amesimama peke yake, ameshika mwavuli. "Ukitazama hapo, utaona nimeolewa na mwavuli."

"Mpiga picha hapigwi," Raymundi alijibu kila mara.

"Sawa. Na siku ukifa, juu ya jeneza niweke nini? Kamera?"

Wageni walicheka. Kabula naye alicheka. Lakini tangu kiangazi cha mwaka huo hakucheka sana.

Kilichoanza ni kifua. Raymundi akipanda kilima kwenda kanisani, kifua kilibana kama kimefungwa kamba. Akisimama, kinaachia. Mwanzo alisingizia viatu. Kisha akasingizia kilima, kwamba zamani hakikuwa kirefu hivi. Siku alipokaa chini katikati ya njia, na suti yake ya Jumapili, Kabula alimshika mkono akampeleka hospitali.

Daktari alimsikiliza, akampima kwa waya za kifuani, akampima damu. Mwisho akaandika barua. Mzee aende Dodoma, kwenye mashine ya siti skani inayopiga picha ya moyo. Daktari alitaka kujua kama mishipa inayolisha moyo imeziba.

Jioni walimpelekea barua Flavia, jirani yao, muuguzi wa zahanati. Flavia aliisoma mara mbili.

"Mzee wangu, hapa kuna masharti. Usinywe kahawa, wala chai, wala soda nyeusi, tangu mchana wa siku ya kuamkia kipimo. Dawa zako za presha meza kama ulivyoambiwa. Na ubebe picha zote za zamani ulizopigwa hospitalini."

"Kahawa imeingiaje hapo?" aliuliza Raymundi. "Nakwenda kupigwa picha, siendi kufunga Kwaresima."

"Kahawa inaupeleka moyo mbio. Moyo ukienda mbio, picha inaharibika."

Raymundi alicheka kwa huruma, kama fundi anayefundishwa kazi yake na mteja.

"Flavia, mwanangu. Picha naijua mimi. Picha nzuri inataka mwanga mwingi. Wakimwaga mwanga wa kutosha, hata jongoo akikimbia utamhesabu miguu. Nitawaambia wasinibanie. Waweke mwanga wote."

"Mwanga gani!" Kabula alidakia. "Ile ni mionzi. Mama Tobia wa kanisani ameniambia inaunguza ini. Mimi nasema wakupige kidogo, au wasikupige kabisa."

Flavia alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mmoja anataka yote, mwingine hataki hata tone," alisema. "Nendeni tu. Huko kuna watu wa kuwaeleza."

Kabula akaikunja barua, akaiingiza kwenye kanga, kiunoni. Alichotaka yeye kilikuwa kimoja tu. Picha itoke, ijulikane mumewe ana nini, arudi naye nyumbani akiwa hai.

*

Basi liliondoka Tabora alfajiri. Lilipita Nyahua, likapita Chaya, likaingia kwenye pori refu kuelekea Itigi. Lami ilikuwa nyeusi na laini. Raymundi aliketi dirishani.

"Unaliona pori hili?" alimwambia mkewe. "Hili ndilo Mgunda Mkali. Babu yangu alilivuka kwa miguu, kijana kabisa, na mzigo begani. Siku nzima hakuna maji. Alisema walitembea kwa kufuata kengele ya kiongozi, kila mtu anatazama visigino vya mwenzake."

"Umenisimulia."

"Wakifika kwa Wagogo, ndipo maji. Lakini maji ya kulipia! Mgogo amekaa mbele ya kisima, anasema toa hongo. Kila msafara lazima utoe. Shanga, kaniki, waya wa shaba. Usipotoa, kiu yako ni yako."

"Hilo nalo umenisimulia. Mara ya mwisho ilikuwa Jumanne."

Mkono wa Raymundi ulikuwa umelala kifuani, bila yeye kujua. Kabula aliuona. Akauchukua, akauweka juu ya goti lake, akaushika hivyo mpaka Manyoni.

Dodoma walilala kwa mtoto wao, Evaristi. Usiku ule Kabula alificha kahawa yote ya nyumba ile, na majani ya chai pia. Hakuacha hata kijiko.

Lakini hakuweza kuuficha mji wa Dodoma.

Asubuhi walifika hospitali mapema. Kabula akaenda dirishani kuandikisha jina. Raymundi akasema anatafuta choo. Nje ya geti, chini ya mwavuli uliochakaa, alikuwepo muuza kahawa na dele lake. Harufu ilimjia Raymundi mzima mzima. Alisikia sauti ya vikombe. Aliona baraza la Gongoni, wazee wenzake, na asubuhi elfu kumi za maisha yake.

"Kimoja tu," alijiambia. "Kutoa ukungu."

Alikunywa vitatu.

*

Mtaalamu wa mionzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani kwenye kamba. Aliwaita ndani ya chumba kidogo cha maandalizi.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alitazama fomu. "Raymundi Ngollo. Kutoka Tabora. Huyu si Mnyamwezi huyu?"

"Wa Unyanyembe kabisa."

"Mimi naitwa Katarina Chilongani. Mgogo wa Bahi."

"Mungu wangu!" Raymundi alimgeukia mkewe. "Mama Evaristi, tumekwisha. Tumeangukia mikononi mwa mtani."

"Eee, mtani! Babu zako walipita kwetu midomo imekauka, wanaomba maji kama ndama. Sisi tukawaonea huruma."

"Huruma gani! Dimbwi la tope, mnatoza nguo! Mpaka leo mnatudai mabaki."

"Na leo nitayadai," alisema Katarina, na wote watatu walicheka. Kabula alihisi mabega yake yanashuka. Palipo na utani, mtu hawezi kuwa mgeni sana.

Mlangoni palibandikwa tangazo: KAMA UNA MIMBA AU UNAHISI UNA MIMBA, MWAMBIE MHUDUMU KABLA YA KUINGIA. Kabula alilisoma polepole, herufi kwa herufi. Kisha akamtazama mumewe juu mpaka chini.

"Binti," alisema, "kwa huyu? Andika hapana."

Katarina alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamlaza Raymundi kitandani, akambandika vibandiko vyenye waya kifuani. Kwenye kioo kidogo mstari ulianza kurukaruka. Pembeni yake palikuwa na namba.

Katarina akaacha kucheka.

"Tisini na sita," alisema. "Moyo unakimbia. Babu, umekunywa nini leo?"

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji... ya moto."

"Ya moto?" Kabula alisimama. "Maji ya moto umeyapata wapi wewe?"

Raymundi alitazama dari. Dari haikumsaidia.

Katarina alivuta kiti akaketi karibu naye. "Babu, Mnyamwezi hapiti Ugogo bila hongo. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Sasa mimi sitaki shanga. Sitaki kaniki. Mlango wa mashine ile ndio huu, na mimi ndiye nimekaa mbele ya kisima. Hongo yangu ni neno moja la kweli."

Mstari kwenye kioo uliruka, ukaruka.

"Vikombe vitatu," alisema Raymundi. "Na kashata."

"Baba Evaristi!" Kabula alipiga makofi mara moja, kwa uchungu. "Nimeficha kahawa ya watu ndani ya gunia la mchele! Mkwe wangu ananiona mwizi! Kumbe wewe..."

"Lakini mama Evaristi, tatizo liko wapi?" Raymundi aliinua kichwa. "Huyu binti aongeze mwanga tu. Mimi ni mpiga picha, miaka thelathini. Washa taa zote, mtani. Piga. Nimevumilia mengi."

"Kumbe ni fundi mwenzangu," alisema Katarina. "Haya, fundi, nikuulize. Ameletwa mtoto mtundu studio. Anaruka, anatulia kidogo, anaruka tena. Ulikuwa unafanyaje?"

Macho ya Raymundi yaling'aa. Alisahau waya zote.

"Namvizia! Namwonyesha njuga, namwacha aruke. Akitulia tu, hata kwa kupepesa jicho, nabofya. Mara moja."

"Hubofyi mfululizo, ukitumaini moja itatoka?"

"Filamu ina picha thelathini na sita, mwanangu! Nimalize filamu nzima kwa mtoto wa mtu mmoja?"

"Na ukiwasha taa zote, mtoto ataacha kuruka?"

Raymundi aliinua kidole kama anayebofya kamera, akakishusha.

"Hapana," alisema taratibu. "Ukungu utabaki pale pale. Utakuwa ukungu wenye mwanga mwingi."

"Basi moyo wako ndio huyo mtoto mtundu," alisema Katarina. "Kila pigo unaruka, kisha unatulia kidogo. Ukipiga polepole, chini kidogo ya mara sitini kwa dakika, ule mtulio unakuwa mrefu. Hizi waya zinaiambia mashine moyo umetulia lini. Mashine inauvizia, inawasha mionzi hapo hapo, inazima. Lakini ukipiga tisini na sita, mtulio ni mfupi mno. Itanibidi niwashe mionzi muda mrefu, nipige nyingi, kisha nichague iliyo afadhali. Pengine zote zina ukungu. Turudie upya."

"Hiyo ni kumaliza filamu."

"Ndiyo. Na kwangu mimi, babu, filamu ni mwili wako."

Katika miaka thelathini Raymundi hakuwahi kufikiria kwamba filamu inaweza kuwa mtu.

Kabula akasogea. "Sasa binti, useme kweli. Hiyo mionzi inaunguza ini?"

"Haiunguzi, mama. Hutasikia joto lake wala maumivu. Ni kama eksirei, ila ni nyingi zaidi. Mionzi ikizidi, inaweza kuongeza kidogo hatari ya saratani miaka ya mbele. Ndiyo maana hatupimi mtu kwa kumfurahisha. Lakini mzee anabanwa na kifua. Tusipojua mishipa yake ikoje, hatari hiyo ni kubwa kuliko mionzi. Kwa hiyo hatukatai kipimo, na hatumwagi mionzi ovyo. Tunatoa inayotosha kuonyesha tunachotafuta."

"Inayotosha," Kabula alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Ndiyo maana nitampima uzito. Mtu mnene, mionzi hupata taabu kumpenya, naongeza. Babu huyu mwembamba kama ufito wa uzio, napunguza. Tena sitapiga kifua chote mpaka tumboni. Nitakata juu ya moyo na chini ya moyo. Basi."

"Pasipoti saizi," alisema Raymundi.

"Umeona? Pasipoti ya moyo. Siyo picha ya ukoo mzima."

Raymundi alitabasamu. Kisha akakumbuka. "Basi tuendelee, mtani. Nimeelewa."

"Kuelewa hakutoi kahawa tumboni," alisema Katarina, akibandua waya. "Rudi kesho saa mbili. Na mama, leo mshike mkono mpaka chooni."

"Nitamfunga kamba," alisema Kabula.

*

Siku ile ilikuwa ndefu. Kabula hakugomba tena, na hilo ndilo lililomuumiza Raymundi. Aliketi tu uani kwa Evaristi, anachambua mchele, punje kwa punje.

"Mama Evaristi, sema kitu."

"Niseme nini? Nilikuja nikiogopa mashine. Kumbe wa kuogopwa ni wewe." Aliendelea kuchambua. "Ukiondoka wewe, Raymundi, nitabaki na ukuta wa watu. Tabora nzima itanitazama. Wewe sitakuona."

Alikuwa amemwita Raymundi. Hakuwa amemwita hivyo tangu Evaristi azaliwe.

Harufu ya kahawa ilipita kutoka kwa jirani. Raymundi aliinuka, akaingia ndani, akafunga dirisha mwenyewe.

*

Kesho yake saa mbili walikuwa mlangoni. Katarina akabandika waya.

"Sabini na nne. Hongera, babu. Moyo wako hauna deni na mimi. Lakini bado tunautaka chini."

Daktari alikuja. Alimuuliza kama ana pumu, akampima presha, akatazama dawa anazotumia na majibu ya damu yaliyoonyesha figo ziko salama. Ndipo akampa kidonge cha kuutuliza moyo.

"Kidonge hiki si cha kuazimana," daktari alimwambia Kabula. "Humfaa mmoja, kikamdhuru mwingine. Ndiyo maana nimeuliza kwanza."

Walisubiri saa nzima. Katarina akaitumia kumfundisha. "Nikisema vuta pumzi, vuta, lakini usijaze kifua kama chura. Nikisema shika, shika. Usimeze mate, usijitikise. Hesabu kumi. Haya."

Alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza alikohoa. Ya pili alicheka. Ya tatu alikaa kama sanamu.

"Huyo," alisema Katarina. "Hamsini na nane. Twende."

Mashine ilikuwa kama gurudumu kubwa lililosimama wima, kitanda kinapita tundu la katikati. Kabula alibaki nyuma ya kioo. Raymundi alilazwa chali, mikono juu ya kichwa. Walimwingizia dawa mshipani, ile ya kuing'arisha mishipa ya moyo ionekane. Joto likampita mwili mzima, mpaka chini, kama alivyoambiwa. Alishukuru alikuwa ameambiwa. Bila hivyo angefikiri amejikojolea mbele ya Mgogo.

Kisha sauti ya Katarina ikatoka kwenye kipaza sauti.

"Babu. Vuta pumzi."

Akavuta.

"Shika. Usipumue."

Raymundi akashika pumzi. Na hapo, katikati ya kimya kile, aliwaona. Watoto wa komunyo. Mabibi arusi. Vijana waliotoka Ulyankulu na suti za kuazima. Wote walisimama mbele ya treni yenye magurudumu upande mmoja, na yeye, kijana, kichwa chini ya kitambaa cheusi, akiwaambia: vuta pumzi, shika, usipepese. Maelfu ya watu. Walimtii wote. Hakuwahi kujua mtu anayeshika pumzi mbele ya mashine anawaza nini. Sasa alijua. Anawaza anayempenda, yuko upande gani wa kioo.

Mashine ikavuma. Ikanyamaza.

"Pumua, babu. Tumemaliza."

"Tayari?"

"Nimebofya mara moja tu. Mtoto alitulia."

*

Raymundi hakukubali kuondoka bila kuona picha. Katarina akamwita kwenye kompyuta. Pale palikuwa na moyo wake, umezungukwa na mishipa kama mizizi myembamba. Aliinamia kioo, akakunja jicho moja.

"Mtani, nisamehe. Ina chenga."

"Zipo kidogo. Ukipunguza mionzi, chenga zinaongezeka. Kompyuta hii inazisafisha nyingi, lakini zote haimalizi. Ningeweza kukupiga mionzi mara mbili, itoke laini kama kadi ya Krismasi. Lakini niambie, fundi. Mshipa huu unauona?"

"Nauona."

"Ukingo wake unauona?"

"Kama mstari wa rula."

"Basi. Nataka kuona mshipa. Sitaki kuutundika sebuleni."

Mchana daktari aliwaita. Kabula aliingia ameshika barua kwa mikono miwili.

"Picha imetoka vizuri," alisema daktari. "Mishipa mingine iko wazi. Mmoja umebanwa kiasi, hapa. Huo ndio unaombana akipanda kilima. Haujaziba. Hatutampasua, na hakuna haja ya kumpitishia waya mshipani ili tutazame. Atameza dawa kila siku, apunguze chumvi na mafuta, asiguse tumbaku, atembee kila siku polepole. Kifua kikibana naye amepumzika, au kikikataa kuachia, msingoje asubuhi. Aletwe hospitali mara moja."

Kabula aliifungua barua, akaikunja, akaifungua tena.

"Na kahawa?" aliuliza Raymundi, kwa sauti ndogo.

"Ilikatazwa kwa ajili ya kipimo. Kikombe kimoja asubuhi, unaweza."

"Kidogo au kikubwa?"

"Baba Evaristi," alisema Kabula, "inuka."

Katarina aliwasindikiza mpaka nje. Alimpa Raymundi picha zake kwenye bahasha, na karatasi iliyoandikwa kiasi cha mionzi aliyopewa.

"Itunze. Ukitakiwa kupimwa tena mahali popote, watangulizie hii. Wasirudie picha ambayo ipo tayari."

"Mtani," alisema Raymundi, "babu yangu alikufa akiwalaani nyie kwa hongo."

"Na wewe?"

"Mimi nitawaambia Tabora kwamba mmepunguza bei."

*

Wiki moja baadaye, studio ya mlango wa bluu ilifunguliwa madirisha yote mawili. Raymundi alikuwa amevaa suti ya Jumapili. Kabula alikuwa amevaa gauni la kitenge, na mkononi alishika mwavuli ule ule wa arusi. Ulikuwa umebaki na mbavu tatu.

Flavia aliitwa aje na simu yake.

"Nikuwashie taa, mzee?" aliuliza Flavia. "Mbona hapa kiza kiza? Si unasema picha nzuri inataka mwanga mwingi?"

"Nani alisema hivyo?"

"Wewe!"

"Nilikuwa mgonjwa. Mwanga wa dirisha unatosha. Piga mara moja tu, tukiwa tumetulia."

"Lakini mzee, simu haina filamu. Naweza kupiga hata hamsini."

"Moja, Flavia."

Walisimama mbele ya treni. Raymundi hakujua aiweke wapi mikono. Miaka thelathini alikuwa anaipanga mikono ya watu, na leo ya kwake ilimshinda. Kabula akachukua mmoja, akampa mwavuli. Akachukua wa pili, akabaki nao.

"Vuta pumzi," Kabula alimwamuru. "Shika. Usipepese."

Flavia akabofya.

Wote watatu waliinama juu ya kile kioo kidogo. Kabula alivaa miwani, akatazama muda mrefu.

"Ina chenga," alisema.

"Chenga kidogo hazidhuru. Mimi unaniona?"

"Nakuona."

"Niko wapi?"

Kabula alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, ingawa haikuwa na vumbi.

"Uko hapa, kando yangu," alisema. "Na mwavuli umeupumzisha, maskini. Nao ulikuwa umechoka kuwa mume."